Kuingia na Vinywaji Vyako Disney World na Universal, Orlando: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa familia zinazokwenda kwenye bustani za burudani za Disney World na Universal huko Orlando, Florida, ziwe zinatoka nyumbani au zinaishi hukohuko Marekani, na hazitaki kumaliza pesa ya safari kwenye chupa za maji. Kiangazi joto la mchana hapo hufika nyuzi 33 za Selsiasi, na unyevu wake ni kama wa Dar es Salaam mwezi wa pili. Mtoto anayetembea kutwa katika hali hiyo lazima anywe, tena mara kwa mara. Kinachokwamisha watu getini kwa kawaida ni kimojawapo kati ya hivi vinne: kioo, pombe, barafu iliyomwagwa ovyo, au deli lililozidi kipimo.

Hivi kweli wanaruhusu niingie na maji yangu?

Ndiyo. Bustani zote nne za Walt Disney World (Magic Kingdom, EPCOT, Disney's Hollywood Studios na Disney's Animal Kingdom) zinaruhusu mgeni kuingia na chakula na vinywaji visivyo na kilevi kwa matumizi yake mwenyewe. Maji, juisi, soda ya kopo, maziwa na chai vyote vinapita. Chupa si lazima iwe haijafunguliwa, na si lazima iwe tupu. Masharti ni kwamba chombo kisiwe cha kioo, na kilichomo kisihitaji kupashwa moto au kuwekwa kwenye friji ya bustani, na kisiwe na harufu kali ya kuwakera wengine.

Maneno "matumizi yake mwenyewe" yana maana yake. Familia ya watu watano yenye chupa kumi haina shida. Katoni tatu za soda mikononi mwa watu wawili zitaulizwa.

Na Universal je? Ni mambo yaleyale?

Hapana, na hapa wengi huteleza kwa sababu huzitembelea zote mbili wiki moja na begi lilelile. Universal Orlando inaruhusu maji ya chupa yasiyozidi lita 2, vitafunwa vidogo, chakula cha mtoto mchanga, na chakula cha mwenye mahitaji ya kiafya. Orodha yao inataja maji. Soda na juisi za nje hazimo, kwa hiyo usizitegemee. Deli gumu haliingii kabisa. Begi laini la kutunza ubaridi linaruhusiwa likiwa halizidi inchi 8.5 kwa upana, inchi 6 kwa kimo na inchi 6 kwa kina, yaani kama sentimita 21 kwa 15 kwa 15. Hicho ni kibegi cha chakula cha mwanafunzi, si zaidi.

Ukiwa na siku za bustani zote mbili, andaa mabegi mawili tangu hotelini. Anayebeba lile la Disney kwenda Universal ndiye anayeishia kurudi kwenye maegesho, na maegesho ya Universal ni mwendo mrefu.

Kanuni ya mililita 100 ya uwanja wa ndege inahusika?

Haihusiki hata kidogo. Ile ni ya usalama wa ndege. Hapa unaweza kupita na lita moja na nusu mkononi na hakuna atakayekuzuia. Ila ukitoka uwanja wa ndege kwenda bustani siku hiyohiyo, maji utanunua baada ya kufika mjini. Duka la vyakula la kawaida Orlando huuza katoni ya chupa za mililita 500 (kwao zimeandikwa aunsi 16.9) kwa bei ambayo ndani ya bustani ungepata chupa mbili au tatu tu.

Kwa nini wanakataa kioo, hata soda tupu?

Kwa sababu chupa ikivunjika, vipande vinabaki chini ambako watoto hutembea na viatu vya wazi, na kwenye bwawa au njia ya boti havionekani. Sisi tuliokulia kwenye soda za chupa za kurudisha hatulioni jambo hili kuwa kubwa, lakini getini halina mjadala. Soda za chupa za kioo zinazoingizwa kutoka Mexico, ambazo Wamarekani wengi huzipenda, nazo zinabaki nje. Nunua ileile ya kopo au ya plastiki.

Kinachoachwa ni kimoja: vichupa vidogo vya kioo vya chakula cha mtoto mchanga. Hivyo Disney wanavikubali.

Naweza kuingia na chupa ya chai?

Chai yenyewe inaruhusiwa, kahawa pia. Chai ya moto inayonywewa kama ilivyo haivunji sharti lolote, maana humwombi mtu akupashie. Tatizo ni chupa.

Chupa nyingi za chai tulizozoea majumbani, zile kubwa zenye maua na mpini, ndani zina bomba la kioo chenye rangi ya fedha. Kwa nje ni plastiki au bati, lakini ukiigonga kwa kucha mdomoni utasikia mlio wa kioo, na ukichungulia ndani utaona inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Hicho ni kioo, na askari akifungua mfuniko atakiona. Tena ni kioo chembamba sana: chupa ikianguka kutoka kwenye kigari cha mtoto, chai yote inajaa vipande visivyoonekana na haifai tena kunywewa. Iache nyumbani.

Beba ya chuma cha pua yenye kuta mbili. Ndani yake utaona chuma kisichong'aa sana, na haitoi mlio wa kioo. Ya lita moja inatosha watu wanne kwa kikombe kimoja kimoja, vikombe vya plastiki au bati. Isuuze kwanza kwa maji ya moto dakika tano, umwage, ndipo ujaze chai; usipofanya hivyo chuma baridi kinanyonya joto na chai inakuwa vuguvugu mapema. Chai ya maziwa isikae zaidi ya asubuhi. Ikishapoa na kuwa vuguvugu, vijidudu huzaliana kwa kasi, na tumbo la kuharisha ndani ya Magic Kingdom si jambo la kumwombea mtu. Chai ya rangi ya tangawizi hustahimili zaidi.

Barafu inaruhusiwa?

Barafu ya kumwaga ndani ya deli au begi hairuhusiwi Disney tangu mwaka 2019. Barafu kavu nayo imepigwa marufuku. Sababu waliyotoa kwa barafu ya kawaida ilikuwa kuharakisha ukaguzi na kupunguza msongamano njiani, na ukisimama nyuma ya mtu mwenye deli lililojaa barafu utaelewa: askari hawezi kuona kilichozama chini mpaka vitu vitolewe kimoja kimoja, maji yanadondoka mezani, na foleni nzima inasubiri.

Barafu kavu ni habari nyingine. Ile si maji. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa kwa nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa moja kwa moja, na hewa hiyo ikifungiwa kwenye chupa huongeza shinikizo mpaka chupa inapasuka. Mei 2013, katika Disneyland ya California, chupa yenye barafu kavu ililipuka ndani ya pipa la taka katika eneo la Toontown. Hakuna aliyeumia, lakini eneo hilo ilibidi wageni waondolewe. Kwa hiyo usijaribu kuwaeleza askari kwamba yako ni ya kuhifadhia maziwa tu.

Kinachokubalika ni pakiti za jeli za kugandisha, zile za samawati zinazotumika tena na tena, na chupa za maji zilizogandishwa. Chupa yako ya kunywa yenye maji na vipande vya barafu ndani yake nayo kwa kawaida hupita, kwa kuwa imefungwa na ni kinywaji. Ukiishiwa na ubaridi mchana, kwenye kaunta za chakula zenye mashine ya soda omba kikombe cha barafu. Ni bure.

Chupa za maji nizigandishe vipi zisipasuke?

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kwenye chupa ya mililita 500 iliyojaa hadi juu, toa vijiko vinne vya chakula (kama mililita 60) kabla ya kuiweka friza. Kwenye ya lita moja na nusu, toa gilasi moja nzima. Bonyeza kidogo ubavu wa chupa hewa itoke, kisha funga.

Njia nzuri zaidi ni hii. Jaza chupa nusu tu, ilaze kwa ubavu ndani ya friza usiku kucha, asubuhi jazia maji ya kawaida. Barafu inakuwa imeganda kwenye ubavu mzima na kuacha njia ya maji, hivyo unakunywa baridi papo hapo. Chupa iliyoganda mzima ni jiwe: mtoto ana kiu saa tatu asubuhi na wewe unaitikisa tu, hakitoki kitu.

Usigandishe vitu viwili. Cha kwanza ni soda, ya kopo au ya plastiki. Maji yake yanaganda, gesi inabanwa, na kopo linapasuka ndani ya friza au, mbaya zaidi, ndani ya begi. Cha pili ni chupa ya chuma yenye kuta mbili. Kitako chake hubinuka kwa kusukumwa na barafu, na kikishabinuka ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta huharibika. Kuanzia siku hiyo haitunzi tena baridi wala moto.

Hoteli nyingi zina friji ndogo isiyo na friza ya kuaminika. Hapo tumia mashine ya barafu iliyo kwenye korido ya hoteli: jaza barafu kwenye chupa ya chuma yenye mdomo mpana, ongeza maji, funga. Na kama unajiuliza barafu kiasi gani inatosha, nusu kilo ya barafu inapoyeyuka inaweza kupoza lita 2 za maji kutoka nyuzi 30 hadi karibu nyuzi 10, iwapo begi linazuia joto la nje. Kwa hiyo chupa mbili zilizogandishwa nusu, katikati ya chupa nyingine nne za mililita 500 ndani ya begi la ubaridi, zinatosha hadi mchana.

Deli langu liwe na ukubwa gani?

Disney: begi au deli lisizidi inchi 24 kwa urefu, 15 kwa upana na 18 kwa kimo, sawa na sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Lenye magurudumu linakubalika likiwa ndani ya kipimo hicho. Kigari cha mtoto kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na mikokoteni ya kuvuta ile inayobeba watoto na mizigo haiingii.

Kipimo ni kikubwa, ndiyo, lakini usikijaze kwa sababu tu kimeruhusiwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Deli lenye lita kumi, kabla ya chakula na pakiti za jeli, ni kilo kumi za kuburuta kutwa, na huwezi kuliacha popote, kwa kuwa begi lisilo na mtu huvuta askari. Begi laini la mgongoni lenye kitambaa cha kuzuia joto ndilo tunalolipendekeza kwa familia yoyote isiyo na kigari cha mtoto.

Bia moja, au mnazi, au togwa?

Pombe ya aina yoyote inabaki nje, iwe bia, mvinyo au mnazi, imefunguliwa au imefungwa kwa zawadi. Baadhi ya migahawa ya ndani huuza pombe kwa walio na miaka 21 na kuendelea wenye kitambulisho, lakini hilo haliwapi wageni haki ya kuja na yao.

Mnazi una hatari nyingine hata nje ya geti. Unaendelea kuchacha ndani ya chupa, na ukifungiwa kwenye gari lililoegeshwa juani utarusha mfuniko. Togwa watu husema si pombe, na ile changa kweli haileweshi, lakini nayo inachacha na kutoa povu, na chupa isiyo na lebo yenye harufu ya kimea itakuchelewesha kwa maelezo marefu. Inywe nyumbani kabla ya kuondoka.

Juisi ya nyumbani: ukwaju, ubuyu, parachichi, madafu?

Inaruhusiwa Disney. Ukwaju na ubuyu ndizo bora, kwa kuwa uchachu wake huzifanya zisiharibike upesi. Chuja vizuri, usiweke maziwa, na uzipoze kabisa kabla ya kuzitia kwenye chupa. Juisi ya parachichi na zote zenye maziwa hazifai safari hii: juu ya nyuzi 32, chakula cha kuharibika hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa moja. Madafu yakishatolewa kwenye dafu huchachuka haraka, kwa hiyo yawe katikati ya pakiti za jeli zilizogandishwa na yanywewe mapema. Dafu zima linahitaji kisu, na hapo umeshafika mwisho wa safari yako getini.

Usitumie tena chupa iliyokuwa na pombe, hata ukiiosha mara kumi. Askari anasoma lebo. Tumia chupa safi inayoonyesha ndani, ili rangi ya ukwaju ijieleze yenyewe.

Naweza kubeba ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) au unga wa juisi?

Beba, na uviache kwenye pakiti zake zenye maandishi. Unga mweupe ndani ya kimfuko cha plastiki kisicho na jina ni kitu cha kumpa askari kazi, na anayo haki ya kuuliza.

Pakiti ya kawaida ya ORS ni ya lita moja kamili ya maji. Usiigawe kwa kukisia kwenye chupa ya mililita 500: chumvi ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto. Ukiwa na chupa mbili za nusu lita, changanya yote kwenye chombo cha lita moja kwanza, kisha gawa. Iliyochanganywa isipite saa 24. Na si kinywaji cha kutwa; ni ya anayeharisha, aliyetapika, au aliyetokwa na jasho mpaka nguvu zimekwisha.

Maziwa ya mtoto na uji wake?

Vyote vinapita, Disney na Universal pia. Kwa maziwa ya unga, Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kuchanganyia yawe na joto lisilopungua nyuzi 70, ili kuua vijidudu vinavyoweza kuwa kwenye unga wenyewe. Kwa hiyo beba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chuma, unga kando ukiwa umepimwa, na uchanganye pale mtoto anapohitaji. Poza kwa kuishikilia chupa kwenye kikombe cha barafu, jaribu tone kwenye kiganja. Yaliyochanganywa yasitumike baada ya saa mbili.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yakae kwenye begi la ubaridi pamoja na pakiti zilizoganda. Hivyo yanavumilia hadi saa 24. Bila ubaridi, saa nne ni kwa chumba chenye nyuzi 25, na Orlando ya Julai si chumba hicho.

Kila bustani ya Disney ina kituo cha kuhudumia watoto chenye mahali pa kunyonyeshea, sinki na maikrowevu. Uji wa mtoto unaweza kuupasha hapo. Kwenye ramani kinaitwa Baby Care Center.

Insulini na dawa nyingine za baridi?

Zinaruhusiwa kote. Zitenganishe na barafu kwa kitambaa, maana insulini iliyoganda imeharibika na hairudi hata ikiyeyuka. Vituo vya huduma ya kwanza vya Disney vinaweza kukutunzia dawa kwenye friji. Nenda hapo kwanza, kabla ya bembea yoyote.

Nipangeje begi ili nipite haraka?

Disney hutumia mageti ambayo unapita ukitembea, na mashine inapima chuma ulichobeba bila wewe kuvua begi. Askari anaona kwenye kioo chake sehemu gani ya mwili au begi imeonyesha kitu. Vinavyoishtua mara nyingi ni mwavuli wa kukunja, kasha gumu la miwani, kompyuta, na chupa kubwa za chuma.

Kabla hujafika kwenye geti, toa chupa ya chuma na mwavuli, vishike mbele yako kwa mikono miwili, mikono ikiwa imenyooka kidogo. Chupa za plastiki ziache begini. Mtoto apite na mzazi mmoja, na mzazi mwingine awe na begi. Ukielekezwa pembeni, usianze kufungua zipu zote kwa hofu. Weka begi mezani, subiri uulizwe, kisha fungua sehemu anayoonyesha. Akikuomba ufungue mfuniko wa chupa, fungua wewe mwenyewe. Wengi wao ni wapole na wamechoka na jua kama wewe.

Universal wao hupitisha mabegi kwenye mashine ya eksirei, kama uwanja wa ndege, na wewe unapita kwenye mashine ya chuma. Vinywaji vyako viwe pamoja sehemu moja ya begi ili picha isomeke.

Wakikataa kinywaji changu nifanyeje?

Una njia tatu: kunywa hapohapo kama si pombe, kurudisha kwenye gari, au kutupa. Hawatakutunzia. Kwa Magic Kingdom una bahati kidogo ukienda na gari lako, kwa kuwa ukaguzi hufanyika kwenye kituo cha usafiri, kabla ya kupanda treni ya juu au feri. Gari bado haliko mbali sana. Ukija na basi la hoteli, ukaguzi uko mbele ya bustani yenyewe, na kurudi ni kupanda basi upya.

Usibishane juu ya ulichosoma mahali. Uamuzi wa askari wa getini ndio unaosimama siku hiyo.

Nibebe maji kiasi gani kwa mtu?

Kwa anayefanya kazi juani, mwongozo wa usalama kazini wa Marekani ni kikombe kimoja cha mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20, na yasizidi lita 1.4 kwa saa. Mtalii anapumzika kivulini na kwenye foleni zenye viyoyozi, kwa hiyo nusu lita kwa saa inamtosha mtu mzima. Hilo kwa saa kumi ni lita tano, na hakuna anayepaswa kubeba lita tano.

Beba lita moja kwa mtu mzima na nusu lita kwa mtoto, halafu jaza. Kaunta za chakula zenye mashine ya soda, Disney na Universal pia, zinatoa maji baridi yenye barafu bure bila kununua chochote. Sema tu "ice water, please" na idadi. Kama foleni ya chakula ni ndefu, tumia vituo vya kujazia chupa. Wengi hawajui hili, wanasimama na kulipa zaidi ya dola 3 kwa chupa hatua chache kutoka kwenye maji ya bure.

Maji ya bomba yana harufu. Ni salama?

Ni salama. Maji ya Florida hutoka ardhini kwenye miamba ya chokaa na huwa na madini na harufu kidogo ya salfa, kama ya yai. Baridi kali huipunguza, na kipande cha limau au ndimu huimaliza. Ndimu mbili zilizokatwa vipande, kwenye kimfuko, zinatosha familia kutwa. Watoto wengi wanaogoma kunywa wanagoma kwa sababu ya harufu hiyo tu.

Chupa naiweka wapi nikipanda bembea?

Disney nyingi zina mfuko au nafasi miguuni. Shika chupa kati ya nyayo na mfuniko uwe umekaza. Universal ni wakali zaidi kwa bembea kubwa. Kwa The Incredible Hulk Coaster na VelociCoaster unapita kwenye mashine ya chuma kabla ya kupanda, na huruhusiwi kuwa na kitu, hata sarafu mfukoni. Kuna makabati madogo ya bure kwa muda wa bembea hiyo. Chupa ndefu ya zaidi ya lita moja inaweza isiingie kwenye kabati dogo pamoja na begi, na kubwa linalipiwa. Chupa fupi na pana inakuokoa hapo.

Animal Kingdom hawatoi mrija wa plastiki. Nije na wangu?

Usije nao. Hawatoi mirija ya plastiki wala mifuniko ya vikombe vya baridi kwa ajili ya usalama wa wanyama, wanaoweza kuimeza. Watakupatia mrija wa karatasi. Mtoto mdogo awe na chupa yake yenye mdomo wa kunyonyea uliounganishwa na mfuniko.

Niko kwenye Ramadhani. Naweza kufuturu ndani?

Disney unaweza kuingia na tende, maji na uji mzito kwenye chupa ya chuma, na kufuturu benchi lolote. Angalia saa ya magharibi ya Orlando, si ya nyumbani, na uwe umeketi dakika kumi kabla. Jua likizama ndipo fataki na gwaride huanza na viti huisha. Kwa aliyefunga kutwa kwenye joto, anza na maji kidogo kidogo, na hapa ndipo pakiti ya ORS ina kazi. Kwa Universal beba maji na tende tu.

Bustani nyingine duniani zikoje?

Disneyland ya California inafuata karibu masharti yaleyale ya Florida. Tokyo Disneyland inakataa makopo, chupa za kioo na pombe, lakini chupa za plastiki na za chai za chuma zinapita. Kwa hiyo kopo lililopita Florida litakukwamisha Japani. Shanghai ilikuwa inakataza chakula cha nje na vinywaji vya zaidi ya mililita 600, mpaka mwaka 2019 mwanafunzi wa sheria aliyezuiwa getini na vitafunwa vyake alipoishtaki. Walipatana Septemba mwaka huo, akalipwa yuani 50, na masharti ya chakula yakalegezwa kwa kila mgeni.

Holiday World, mjini Santa Claus, Indiana, haina haja ya mjadala wote huu wa soda: tangu mwaka 2000 soda ndani ni bure, unajaza upendavyo.

Nikitoka mchana kwenda kwenye gari kuchukua vinywaji vingine?

Unaweza kurudi kwa tiketi yako ya siku hiyo, lakini utapita ukaguzi upya, na begi litapimwa kana kwamba ndiyo kwanza unafika. Soda usiziache garini zikipigwa na jua. Makopo hupasuka na sukari huingia kwenye viti. Acha maji tu, yafunike kwa taulo chini ya kiti, na yapoze kwa kikombe cha barafu ya bure ukishaingia.